Jina Lililokuwa Likifa Sebuleni Kwangu

Wanawake wa mtaa walifika kwangu alasiri moja wakiwa wamejifunga khanga viunoni. Mmoja alibeba unga kwenye beseni, mwingine mzigo wa kuni, na wawili walishikilia lile sufuria kubwa la jumuiya ambalo halitolewi mpaka pawe na msiba. Mimi nilikuwa uani nachagua mahindi ya mbegu. Waliingia bila hodi, nyuso chini. Mtu akija na sufuria lile humuulizi kama kuna kifo. Unamuuliza ni cha nani.

"Pole sana, mama," alisema aliyetangulia. Huyu alikuwa jirani wa mkabala, bado mgeni, amehamia huku Lizaboni juzijuzi tu.

"Ahsante, mwanangu. Lakini pole ya nini?"

"Tumesikia kilio ndani kwako. Kijana kasema wazi kabisa kwamba fulani amekufa." Akalitaja jina.

Jina hilo sitaliandika. Si kwamba nimesahau. Majina ninayo, ya watu wote niliokula nao, waliozaliwa mikononi mwangu na niliowafumba macho, nikianza kuyataja asubuhi jua litazama sijafika katikati. Lakini jina likishakaa kwenye karatasi kila mtu analisoma kwa sauti anayotaka, hata mwenye mdomo mchafu, na mwenye jina hayupo wa kumkataza. Kwa hiyo humu kila mtu atakuwa binti, mjukuu, jirani. Mnivumilie.

Lilikuwa jina la binti yangu, mwanangu wa kike wa pekee. Alifariki zamani, kwa uzazi, na mtoto aliyekuwa tumboni akamfuata mama yake siku hiyohiyo. Aliniachia msichana aliyekuwa ndiyo kwanza anang'oka meno ya utoto, nikamlea.

Nyuma ya wale wanawake alikuja jirani yangu wa siku nyingi, rika langu, anayetembea kwa fimbo. Aliposikia jina alisimama mlangoni.

"Nani mmesema?"

Wakarudia.

"Huyo tulishamzika," akasema. "Mimi ndiye niliyemwosha, kwa mikono hii. Anakufaje tena?"

Mara tukasikia sauti ya kijana kutoka sebuleni, "Haya, weka jina lilelile, tuanze upya!"

Tukaingia wote. Walikuwa watatu, wameizunguka kompyuta ndogo iliyowekwa juu ya kigoda. Katikati mjukuu wangu, yule msichana niliyemlea, sasa mke wa mtu na tumbo la miezi ya mwisho. Kulia binamu yake, mtoto wa mwanangu wa kiume, fundi simu mwenye kibanda hapohapo mtaani. Kushoto shoga yake, binti fundi cherehani, na futi yake ya kupimia bado shingoni.

"Shikamooni!" wakaruka kwa pamoja.

"Marahaba. Nani amekufa humu?"

"Hakuna, bibi," fundi simu akacheka kwa aibu. "Ni gemu tu. Mtu wa kwenye gemu ndiye kafa."

"Na huyo mtu wa kwenye gemu anaitwa nani?"

Kicheko kikakatika. Mjukuu wangu akasema, macho kwenye mkeka, "Mimi ndiye niliyemwita hivyo, bibi. Si yeye."

Wanawake wakatazamana, halafu mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na wengine wakafuata mpaka wa kuni akaketi chini. Jirani mgeni peke yake alikaribia kulia kwa aibu. "Mtanisamehe," anasema, "nimewaita watu kutoka shambani kwa ajili ya gemu!" Akainua beseni lake aondoke.

"Weka chini," jirani yangu wa fimbo akamwambia. "Unga wa msiba haurudi ulikotoka. Ukirudi nao utakuwa umeubeba msiba kwenda kwako. Songeni ugali."

Basi ulisongwa ugali wa msiba usiokuwepo, ukaliwa na mlenda uani kwangu, na vijana wakatumwa kuosha sufuria mpaka ling'ae, iwe adhabu yao. Watu walitaniana sana. Mimi na yule aliyemwosha binti yangu tulikula kidogo.

Hapa inabidi nieleze kwa nini mjukuu wangu alikuwa kwangu. Mume wake analima korosho Nalasi, huko Tunduru. Ni kijana mtulivu wa Kiislamu na hajanikosea hata siku moja. Lakini mimba ya kwanza, kwa desturi yetu, mwanamke anarudi kujifungulia kwa mama yake, na kama mama hayupo, kwa aliyesimama mahali pa mama. Upande wa mume walikuwa wamepiga simu, mkwe wangu akaongea kwa adabu sana: mtoto akiwa wa kiume jina litatoka kwao, akiwa wa kike ni letu. Na kwetu jina la marehemu haliachwi likining'inia. Linatafutiwa mtu wa kulivaa. La binti yangu lilikuwa limengoja miaka yote hiyo, kwa sababu wana wa kaka zake waliopatikana baadaye walikuwa wavulana watupu. Nilikuwa nangoja. Sikumwambia mtu, lakini kila mtu alijua nangoja nini.

Kesho yake, tukiwa tunaota moto jikoni, maana ilikuwa ni ule wakati wa baridi ya kwetu inayokausha midomo, nilimuuliza mjukuu wangu.

"Umemkosa nani wa kumuua mpaka umuue mama yako?"

Akakoroga uji muda mrefu.

"Bibi, nataka kuona kama linaweza kufika."

"Nini?"

"Jina. Nataka kuona kama linaweza kufika mwisho wa safari yoyote. Mdogo wako aliitwa hivyo, akafa hajaolewa. Mama akaitwa hivyo, akafa vile. Na mimi nimpe mwanangu, nikiwa kitandani, naye hata macho hajafumbua?" Akaupuliza moto ingawa ulikuwa unawaka. "Nimejiwekea hivi. Nikifika mwisho wa gemu na jina hilo, nitampa. Nisipofika mpaka uchungu uanze, nitamtafutia jingine."

Nilitaka kukasirika, hasira haikuja. Nikapekua kichwani nimtafutie mwenye jina lile aliyeishi akazeeka. Nikampata mmoja, shangazi yangu.

"Alikuwepo mwingine kabla yao," nikamwambia. "Alizeeka mpaka akawa anatafuniwa nyama."

"Kweli? Hujawahi kunisimulia. Alikuwaje?"

Mimi siwezi kumpamba maiti. "Mchoyo. Mgomvi. Alipigana na mke mwenzie kisimani akiwa na mvi."

Mjukuu wangu alicheka mpaka akashika tumbo. "Kwa hiyo ama afe kijana ama awe kama huyo!" Halafu akaipua uji. "Niache nicheze, bibi."

Nikamwacha. Na kwa kuwa jina lilikuwa langu pia, nikahamishia kigoda changu sebuleni.

Gemu yenyewe, kama nilivyoielewa baada ya kukaa nayo, ni hii. Kuna kijiji kilichokauka, na msafiri anatoka hapo kupanda mlima amtafute aliyeuziba mto. Silaha yake ni karata. Si hizi za arubastini alizokuwa akicheza marehemu mume wangu, ni karata za picha: mkuki, ngao, moto, na nyingine za ajabu, kama karata ya kuomba radhi, karata ya uongo, karata ya njaa. Kila akikutana na anayemzuia njia anashikishwa chache kutoka kwenye fungu lake, bila kuchagua, na lazima apigane na hizohizo. Akishinda anapewa mpya aiongeze. Akishindwa, kafa, na karata zote zimepotea naye. Mchezaji anaanza na msafiri mwingine, chini kabisa, kisimani, na njia imegeuka, mto uliokuwa kushoto uko kulia.

Lakini hadithi haianzi upya, na hilo ndilo lililonikalisha. Pale kisimani yupo mwanamke anayechota maji. Msafiri wa kwanza aliambiwa naye karibu mgeni, kama tunavyosema wote. Walipokuwa wamekufa kadhaa akaanza kumwangalia anayekuja na kumuuliza, wewe na yule aliyepita mnatoka nyumba moja? Mjukuu wangu alikuwa anatutafsiria, maana maneno yalikuwa ya Kiingereza. Na kwa sababu kila msafiri alipewa jina lilelile, siku moja yule mwanamke alisema, "Jina hili nimeshalilia."

Fundi cherehani alijipapasa mikono. "Oneni, nywele zimesimama."

"Ah, ni maneno tu yamepangwa," fundi simu akasema. "Gemu ikiona jina limerudiwa inatoa hayo. Bonyeza yapite, twende kwenye karata."

Hao wawili hawakukubaliana hata siku moja. Fundi simu alisema karata ni safi, zimepimwa kwa mizani, aliyezibuni ana akili, lakini hadithi ni ndefu kama mahubiri ya sikukuu. Fundi cherehani alisema karata hata hazijui, anaacha cherehani yake aje kusikia mwanamke wa kisimani kasema nini.

"Wewe ungesoma kitabu basi," fundi simu anamwambia.

"Na wewe ungecheza lastikadi pale stendi, upigiwe makofi na makonda."

"Kitabu hakikuui."

"Ndiyo! Hiki kinaniua, kwa hiyo nasikiliza. Mtu asiyeogopa kufa utamsimulia nini?"

Walinunua bando wakawa wanasoma kwenye simu yale wachezaji wa nchi nyingine walivyoandika. Mjukuu wangu ananitafsiria, nami nasikiliza kama nasikiliza kesi. Mmoja alikuwa ameisifu mpaka mbinguni. Mwingine kasema hadithi imewekwa ili kuficha kwamba ushindi ni bahati tupu, ukipewa karata mbovu mwanzoni umeshakwisha. Mwingine akambishia kwamba bahati mbaya ni kisingizio cha wavivu wa kufikiri. Yupo aliyelalamika kuwa anachoka kumwona mwanamke wa kisimani akihuzunika, yeye kalipa hela afurahi. Na yupo mmoja aliyeandika kidogo tu, kwamba aliicheza wakati anamuuguza mama yake na hataicheza tena, lakini si kwa ubaya. Huyo wa mwisho walimrudia kumsoma, hata fundi simu.

"Na wewe bibi unaonaje?" fundi cherehani akaniuliza.

Nikawaambia ninavyoona. Kwamba mimi nimefiwa na wengi, na kila aliyekufa dunia ilianza tena asubuhi kama haikumwona: jogoo anawika, mwenye deni anadai, mvua inanyesha au hainyeshi. Hicho kwenye gemu ni kweli. Lakini kwamba yupo mtu kisimani anayemkumbuka kila mmoja aliyepita, hicho pia ni kweli, na aliyekitunga lazima alilelewa na mtu mzima.

"Umeona!" fundi cherehani akampiga fundi simu kofi la bega.

"Bibi kanunuliwa," akasema yule.

Lakini fundi simu ndiye aliyemfundisha mjukuu wangu kucheza. Kosa lake kubwa, alisema, ni tamaa. Kila karata anayopewa anachukua. "Karata nyingi mbovu zinaificha ile nzuri. Unaihitaji ngao, unashika njaa mkononi. Kataa! Ukipewa, sema hapana."

"Siwezi kukataa nilichopewa bure."

"Ndiyo maana unakufa."

Hapo nilimuunga mkono kijana. Mbegu ya mahindi ndivyo inavyochaguliwa. Huhifadhi gunzi zima, unatupa za ncha na za kitako, unabaki na za katikati, na ukiona huruma mwakani unavuna huruma. Mjukuu wangu akaanza kutupa. Kuna mahali njiani palipokuwa na moto wa kuchomea karata, akawa anachoma. Msafiri wake akawa anafika mbali, akavuka msitu, akavuka daraja lililokuwa likimshinda.

Nami, nitasema ukweli, nilianza kusali. Rozari ya jioni nilikuwa naitolea kwa marehemu wangu, sasa nikawa natoa fungu moja la salamu kumi kwa ajili ya gemu. Jirani wa fimbo aliponikuta kwenye kigoda changu, nimeinama kwenye kioo, aliniuliza kama nimerudi utoto.

"Tumefika darajani," nikamjibu.

"Mau wee," akasema, kama tunavyomwita mama kwa Kingoni tukishangaa, akavuta kigoda kingine. Macho yake hayaoni vizuri, basi akawa anauliza tu, "Yu hai bado?" Na sisi tunamjibu, "Yu hai." Ikawa ndiyo salamu yetu. Hata njiani kutoka misa ananiuliza, yu hai?

Watu walijua sasa. Habari ilikuwa imetoka uani kwangu siku ile ya ugali ikazunguka mtaa, na jirani mgeni, ambaye aibu ilikuwa haijamtoka, alipita kila alasiri kuuliza kama kuna lolote. Tumbo la mjukuu wangu lilikuwa limeshuka. Alikuwa anakaa upande, mto mgongoni, na alikuwa amepunguza maneno. Nilijua anahesabu kitu moyoni, nami nilikuwa nahesabu hichohicho.

Siku aliyofika mwisho ilikuwa mchana, jua kali la baridi. Alipigana na yule aliyeuziba mto, jitu lenye mikono kama mizizi, kwa muda mrefu kiasi kwamba fundi simu alifunga kibanda chake mteja akiwa bado amesimama. Karata ya mwisho iliyomjia mkononi ilikuwa ile ya kuomba radhi. Akaitumia. Jitu likapiga magoti. Tukapiga vigelegele, sisi wazee wawili na fundi cherehani, mpaka jirani mgeni akaja mbio, safari hii mikono mitupu.

Lakini haikuwa imekwisha. Nyuma ya jitu kulikuwa na mlango wa mawe, na mlangoni mlinzi. Mjukuu wangu akasoma polepole, akitafsiri. Mlinzi alimwambia msafiri kwamba maji yatashuka kijijini, lakini anayepita hapa anaacha jina lake. Ukishaliacha hakuna msafiri atakayeitwa hivyo tena, na mwanamke wa kisimani hatalikumbuka. Ukikataa, unarudi chini.

"Bonyeza kubali," fundi simu akasema. "Umeshashinda! Kubali, hadithi iishe."

"Usithubutu," fundi cherehani akasema.

"Ni gemu! Wote wanabonyeza. Nilisoma, nusu wanasema ndio mwisho mzuri kuliko mwisho wowote waliouona."

"Na nusu wanasema wametapeliwa. Mimi niko na waliotapeliwa. Atembee njia yote hiyo, afe kote huko, halafu asahaulike na hata yule aliyekuwa akimlilia?"

"Lakini maji yanashuka. Watu wanakunywa. Si ndiyo maana alikwenda?"

Hapo ndipo nikaona kijana yule anayebonyeza hadithi zipite alikuwa ameisikia yote.

Mjukuu wangu alinigeukia. Sikuwa nimejiandaa. Nilitaka afike, na amefika, na ahadi yake nilikuwa nimeishika mkononi. Ningesema bonyeza, tuondoke hapa, mtoto apate jina. Badala yake nikasikia mdomo wangu unasema, "Mlango wa nani huo, mpaka umwachie jina la mtu niliyemzaa mimi?"

Akaifunga kompyuta. Hakubonyeza kubali wala kukataa. Aliifunga tu, kama mtu anavyofunika chungu.

"Sasa hujashinda," fundi simu akalalamika.

"Sijashindwa pia."

Jirani wa fimbo akauliza, "Yu hai?"

Jioni, nikimkanda miguu iliyovimba, mjukuu wangu alisema alichokuwa ameamua.

"Sikufika, bibi. Kufika kwenyewe ilikuwa ni kulipoteza. Nitamtafutia mtoto jina jipya, ambalo halijavaliwa na mtu wa kwetu, asiwe na wa kumfuata. Usinichukie."

"Siwezi kukuchukia."

"La mama utabaki nalo wewe."

"Nitabaki nalo," nikasema. Nikaendelea kukanda. Kubaki na jina siyo kazi ngumu kwangu, nina mengi. Ugumu ni kwamba nami ni mtu wa kuondoka, na nilikuwa natafuta pa kulitua kabla.

Uchungu ulimshika alfajiri chache baadaye. Fundi simu alitafuta gari, tukampeleka hospitali, na kuhusu saa zile sina cha kusimulia, maana nilizipitia nimeangalia ukuta. Sikusali kwa maneno. Mkunga alipotoka aliniambia mtoto wa kike, mama mzima. Nilimwambia arudie. Akarudia. Nikamwomba arudie la mwisho tu. Akaniangalia, akasema taratibu kama anamwambia mtoto, "Mama mzima, bibi. Anaomba chai."

Kwenye kadi ya kliniki waliandika mtoto wa fulani, kwa jina la mama yake, kwa kuwa la mwenyewe lilikuwa bado. Baba yake alikuwa njiani kutoka Nalasi. Tukarudi nyumbani.

Nyumbani mtoto alilia. Watoto wote hulia, lakini huyu aliligeuzia kisogo titi na kulia kwa sauti kavu, akipumzika kidogo na kuanza tena, toka jua linachomoza mpaka umande umekauka. Tumbo halikuwa gumu, mwili haukuwa na joto, kitovu safi. Jirani mgeni alileta maji ya moto. Jirani wa fimbo alikaa, akamsikiliza, kisha akasema nililokuwa najua atalisema.

"Huyu analilia jina."

Ndivyo tunavyosema kwetu. Mtoto akikataa titi bila ugonjwa, mtu mzima wa nyumba anamtajia waliotangulia, mmojammoja, na lile litakalomnyamazisha ndilo lake.

"Bibi, mtoto ana njaa tu, hajajua kunyonya," mjukuu wangu akasema. Alikuwa amechoka, midomo imepauka.

"Inawezekana," nikasema. "Lakini kutaja hakumuumizi. Na hilo jipya lako, umeshalipata?"

Akatikisa kichwa. Alikuwa amejaribu mengi, yote yalimtoka mdomoni kama ya mtoto wa jirani.

Nikamchukua mtoto, nikampakata kifudifudi juu ya magoti, nikaanza. Nilianza na mama wa mama yangu, aliyezikwa na jembe lake. Nikamtaja mama. Nikamtaja shangazi mdogo aliyeolewa Namtumbo, akalima tumbaku mpaka vidole vikawa vyeusi, na dada yake aliyekuwa anaimba kanisani sauti inapasua mabati. Kila jina nalitaja kwa sauti ya kumwita mtu aliye karibu, nangoja, mtoto analia, nakwenda kwa lingine. Nikawataja mama wadogo wote, na binamu aliyechukuliwa na maji ya Ruvuma, na mke wa kaka yangu aliyenifundisha kupika pombe. Jirani wa fimbo alikuwa anaitikia kwa kichwa kila jina, kwa kuwa wengi aliwajua. Nilifika kwa jina la yule shangazi mgomvi, mdogo wangu na binti yangu. Pale sikutaja. Nilipita pembeni kama unavyopita pembeni ya mtu aliyelala, nikaenda kwa waliofuata.

Jirani wa fimbo aliniangalia.

Nikamaliza wote wa kike. Mtoto alikuwa bado analia, sauti imeanza kukwaruza.

"Umeruka," mjukuu wangu akasema.

"Nimeruka kwa makusudi. Ulishaamua."

"Najua kwa nini umeruka." Alijiinua kwa viwiko, akaketi, uso ukamkunjamana kwa maumivu. "Umewaita wote hao na hakuna aliyekuogopesha. Yule wa jembe alikufa na nini?"

"Utapiamlo. Ilikuwa njaa."

"Na wa Namtumbo?"

"Homa."

"Na huyo wa maji, wa maji. Bibi, wote hao wamekufa."

"Wote, mama."

"Basi hakuna jina la kumpa ambalo halijafa." Akanyoosha mikono. "Nipe."

Nikampa mtoto. Akamlaza kifuani, akainamisha mdomo sikioni pake, na akaliita jina la mama yake. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka, si ya kunong'ona, ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayemwita mwenzie aliyeko jikoni aje mezani.

Mtoto hakunyamaza pale pale. Nisidanganye. Alilia bado kidogo, akatafutatafuta kwa mdomo, akalipata titi, akalipoteza, akalipata. Kama ni jina au ni njaa, mimi sijui, na jirani wa fimbo anasema yeye anajua.

Lakini mtu akiitwa lazima aitikie, na yule alikuwa hajajifunza. Nyumba nzima ilikuwa inangoja.

"Abee," nikaitika mimi, kwa niaba yake.